Tiki Nne

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kisa hiki kilimpata binamu yangu. Ni uongo. Sina binamu aliyewahi kufanya kazi maktabani. Kilinipata mimi, Kiende, na kila nikimsingizia huyo binamu uso huniwaka, kwa hivyo leo nitakisema kama kilivyokuwa, na atakayecheka acheke.

Nafanya kazi katika maktaba ya sheria ya chuo kimoja hapa mjini Meru. Jina la chuo tuliache. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakija, mimi ndiye ninayewafundisha kutafuta hukumu kwenye mtandao: andika jina la mdai, andika mwaka, usiandike hadithi yote kana kwamba unamwandikia shangazi yako barua. Nawapa paswadi, nawaonyesha rafu, nawanyamazisha wanaocheka. Wananiita Madam. Nilipenda sana kuitwa Madam, sitaficha.

Tuna fomu moja inaitwa Ombi la Utafiti. Mwanafunzi akishindwa kupata hukumu mwenyewe, anaijaza, anaileta kaunta, nasi tunamtafutia. Chini yake kuna visanduku vinne, kwa sababu mahali pa kutafuta ni panne: mtandao wa hukumu ulio wazi kwa kila mtu, databesi ambazo chuo kimejiandikisha, vitabu vya ripoti za sheria vilivyojaa rafu za nyuma, na stoo, ambako kuna makaratasi ya zamani tuliyopewa na familia za mawakili waliofariki. Kila mahali ukishatafuta, unatia tiki. Ukimaliza pote bila kupata, unaandika "Haipatikani", unatia sahihi na kupiga muhuri.

Mimi nilikuwa natafuta mahali pamoja. Pale pa kwanza, dakika moja hivi. Kisha natia tiki nne. Najua si mimi peke yangu duniani niliyefanya hivyo, lakini leo anayesemwa ni mimi.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, alikuja kaunta msichana wa mwaka wa pili anayeitwa Wawira. Mtoto mpole wa Kiritiri, kule Mbeere, mwenye sweta moja ya kijani ambayo aliivaa wiki nzima.

"Madam, habari ya asubuhi. Naomba unisaidie na hii."

Nikaisoma fomu yake. Ilikuwa kesi ya shamba, ya mwaka wa themanini na saba. Babu yake na ndugu wa kambo wa babu walikwenda kortini wakigombania shamba, babu akashinda. Babu amekufa, baba yake Wawira naye amekufa, amebaki mama yake peke yake pale shambani na mbuzi wake na ndengu zake. Sasa mtu anayeitwa Mbaka, mwana wa yule aliyeshindwa, amerudi akisema kesi hiyo haikuwahi kusikizwa. Faili la korti lililiwa na mchwa. Nakala ya nyumbani ilioza paa lilipong'olewa na upepo. Hukumu isipopatikana, mama anafukuzwa. Kesi inatajwa Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Nimetafuta kwa simu mpaka bando ikaisha," alisema. "Sijaipata. Lakini nyumbani wanasema iko."

"Rudi saa saba."

Aliondoka. Niliandika jina la babu yake mara moja kwenye kompyuta. Hakuna. Nikamimina chai. Nilikunywa chai hiyo nikiwa nimepandisha miguu juu ya katoni iliyokuwa chini ya meza yangu. Ilikuwa na makaratasi ya wakili mmoja marehemu wa Embu, Mzee Njiru. Familia yake ilituletea katoni kumi na mbili miaka mitano nyuma, nami nikakabidhiwa kazi ya kuzipanga. Sikuzipanga. Kumi na moja zilikaa stoo chini ya ngazi, na hiyo ya kumi na mbili niliibakiza kwa sababu kimo chake kilifaa miguu.

Saa saba Wawira alirudi, nikamkabidhi fomu yake. Tiki nne. Haipatikani. Sahihi. Muhuri.

Aliisoma muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Madam, umetafuta kote?"

"Kwani hizo ni tiki ngapi?"

"Nne."

"Basi."

Hakuondoka. Alisogea karibu na kaunta, akashusha sauti.

"Ni vile tu hilo neno la shamba lilipigiwa thenge. Mama alisema nikuambie kabla hujaandika. Niliogopa utanicheka."

Nilimcheka. Mimi ni mtu wa Meru, mambo ya thenge nayajua tangu utotoni. Thenge ni beberu. Wazee wakitaka kufunga neno lisifunguliwe tena, wanampiga beberu mpaka afe, kila mmoja kwa pigo lake, na kila pigo lina maneno yake. Nilienda shule ili nisiyasikilize hayo. Nikamwambia kwa sauti ya Madam, "Wawira, hapa ni maktaba ya sheria. Mbuzi peleka sokoni."

Wanafunzi wawili waliokuwa karibu walicheka. Nami nilifurahi walipocheka. Wawira alikunja fomu yake mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akasema asante. Aliniambia asante.

Jumatano asubuhi nilifungua kompyuta yangu, nikaandika jina na paswadi. Skrini ikasema hakuna mtumiaji wa jina hilo. Nikamwita Njuki, fundi wetu wa kompyuta, mtu mzima mwenye watoto watatu na hana utani.

"Utakuwa umenifuta," nilimwambia.

Alibofya, akabofya tena. "Sijafuta mtu. Na mtu akifutwa hubaki alama. Hapa hakuna alama, Madam. Ni kama hukuwahi kuwekwa."

Aliniweka. Baada ya nusu saa jina halikuwepo. Akaniweka tena, na mara ya tatu. Mara ya tatu tulikaa wote wawili tukitazama orodha, na jina langu lilikuwepo, halafu halikuwepo. Halikufifia. Jina la juu yake na la chini yake yalikuwa yamekaribiana tu, bila nafasi kati yao.

"Hii si kawaida," alisema Njuki polepole, akachukua waya zake akaenda.

Alhamisi mashine ya mlangoni ilikataa kidole changu. Nilijaribu vidole vyote kumi. Ndani, ratiba ya kazi ilikuwa ukutani kama kila wiki, na mimi sikuwemo. Saa ya chai mkutubi mkuu alihesabu watu akapanga vikombe. Kila mtu alipata chake, nami nikasimama pale mkono ukiwa umenyooshwa, na hakuna aliyeona ajabu. Nilijiambia wamenikasirikia kwa jambo fulani. Huo ndio ujinga wa mtu mwenye majivuno, hata akipotea anadhani ananuniwa.

Ijumaa mchana kijana mmoja alikuja kaunta na rafiki yake. Nilikuwa nimeketi mbele yao.

"Hakuna mtu hapa?" aliuliza.

"Mimi niko hapa," nikasema.

Alikitazama kiti changu. Alitazama hasa pale kifua changu kilipokuwa. "Twende, hakuna mtu."

Nilimshika mkono. Alijipangusa kama mtu aliyepita kwenye utando wa buibui. Wakaenda. Njuki alipopita nilimwita kwa jina lake mara tano, hakugeuka.

Jumapili kanisani walisoma majina ya kina mama wa kikundi chetu. Langu halikusomwa, na hakuna aliyeuliza Kiende yuko wapi. Katikati ya wimbo mama mmoja mnene alichelewa kuingia, akaja moja kwa moja pale nilipoketi, akaanza kuketi. Niliwahi kusogea. Nilibaki nimesimama ukutani mpaka mwisho wa ibada, nikiona aibu ambayo sikujua ni ya nini, kwa kuwa hakuna aliyeniona.

Kumbe aibu haihitaji mtu wa kukuona.

Jumatatu. Saa nane mchana. Jua lilikuwa kali madirishani na maktaba ilikuwa imejaa wanafunzi. Nilifikia trei ya fomu, nikachukua ya juu. Ombi la Utafiti. Mahali pa jina la mwombaji palikuwa wazi. Mahali pa kinachotafutwa paliandikwa: Kiende, mkutubi, maktaba ya sheria. Chini yake visanduku vinne. Tiki nne. Haipatikani. Sahihi ilikuwa yangu. Ule mkia ninaouvuta mwisho wa herufi ulikuwepo. Muhuri ulikuwa bado una wino mbichi.

Nilifungua mtoto wa meza ninamofungia muhuri. Ulikuwa mahali pake. Kitako chake kilikuwa kimelowa wino.

Nilimpigia mama yangu. Anakaa Mitunguu kwenye migomba yake, na hakuna siku ambayo hakuijua sauti yangu hata kabla sijajitaja.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Kiende."

Nilisikia maji ya mpira yakinyunyiza migomba nyuma yake. Alikuwa anafikiri kwa uungwana, kama anavyofanya na wageni.

"Umekosea namba, mama," alisema. "Watoto wangu ni watatu, na wote nimeongea nao leo."

Tuko wanne. Mbaabu, mimi, Kinyua na Nkirote.

Akakata simu. Sikulia. Nilikuwa nimeogopa mno. Lakini ndani ya woga ule kitu kimoja kilikuwa wazi kabisa, na kilikuwa wazi tangu Jumatano ila sikutaka kukitazama. Sikuitafuta ile hukumu. Nilisema haipo na sikuitafuta. Na kesi ni Alhamisi.

Jumanne niliingia stoo. Ni chumba chembamba chini ya ngazi, na hatua za wanafunzi husikika juu ya kichwa. Taa ilikuwa inawaka. Nilivuta katoni ya kwanza, nikatoa karatasi moja moja, nikasoma kila moja. Wosia, barua, mikataba ya mashamba, picha za harusi za watu nisiowajua. Nilipoifunga nilisikia kwato.

Zilikuwa juu kabisa ya ngazi. Gonga moja. Kisha kimya.

Nikafungua ya pili. Nilisoma hata risiti. Nilipofunga ya pili, kwato zilishuka daraja moja.

Niliacha kazi hapo. Nilitoka nje nikasimama juani. Lakini nje hakuna aliyeniona pia, na nikawaza kwamba afadhali huko ndani, angalau kuna kitu kinachojua niko. Nikarudi. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kila nikifunga, daraja moja. Harufu ikaanza. Mtu aliyewahi kufuga beberu anaijua. Inashika nguo, inashika ulimi.

Jumatano niliendelea. Ya sita. Ya saba. Ya nane. Ya tisa.

Ya kumi ilikuwa imejaa kalenda za zamani. Nilizisoma. Sikuthubutu kuruka hata moja.

Gonga.

Ya kumi na moja. Karatasi zilikuwa zinachanika mikononi mwangu. Hakuna jina la babu yake Wawira. Nilikaa nimeushika mfuniko. Sikutaka kuufunga. Niliufunga.

Kwato zilifika sakafuni. Zikatembea. Zikasimama nyuma ya mlango wa stoo.

Alikuwa anapumua. Alipumua kwa shida, kwa mkoromo, kama mnyama aliyevunjwa mbavu. Nilimsikia akijikaza apate pumzi, akaipata, akaitoa. Chini ya mlango niliona kivuli cha miguu minne. Mmoja haukugusa chini.

"Nimetafuta," nikanong'ona.

Pumzi ikakatika. Haikurudi.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipofungua mlango palikuwa na mwanafunzi ameketi kwenye daraja la chini, ana vifaa vya muziki masikioni, anasoma sheria ya mikataba. Harufu haikuwepo. Nilipita kando yake nikaenda kwenye meza yangu.

Katoni ya kumi na mbili haikuwa chini ya meza. Ilikuwa katikati ya sakafu, imefunguliwa. Alama za visigino vyangu zilionekana kwenye mfuniko, mashimo mawili ya miaka mitano. Na juu kabisa, kabla ya karatasi nyingine yoyote, kulikuwa na kurasa kumi na nne zilizopigwa taipu, zimeshonwa kwa uzi wa kijani. Hukumu ya mwaka wa themanini na saba. Babu yake Wawira, mdai. Muhuri wa korti, sahihi ya hakimu.

Haikuhitaji kutafutwa. Ningeinua miguu tu siku ile.

Alhamisi alfajiri nilishuka kwenda Mbeere kupitia Chuka na Embu. Hakuna aliyeniuliza chochote njiani. Korti ilikuwa imejaa. Mama yake Wawira alikuwa amesimama mbele bila wakili, mwanamke mwembamba aliyefunga leso kichwani, na mikono yake ilikuwa na majivu. Wawira alikuwa nyuma yake. Mbaka alikuwa upande wa pili na wakili wake, na wakili alikuwa ameinua karatasi. Niliijua tangu mlangoni.

"Mheshimiwa, chuo kikuu kimetafuta hukumu hiyo mahali panne. Tiki nne hizi hapa. Haipatikani."

Baadaye niliambiwa jinsi ilivyofika mkononi mwake. Wawira aliipeleka kwenye kikao cha ukoo kuomba muda zaidi, kwa uaminifu wake. Mbaka aliomba aione, akaipiga picha na kuichapisha. Jumamosi alikwenda na watu shambani, akawasomea muhuri wangu, nao wakaibomoa nyumba. Mama alikuwa amelala siku tano kwenye banda la mbuzi. Majivu yale yalikuwa ya kupikia nje.

Nilienda mbele. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni mkutubi wa sheria. Hukumu ninayo hapa." Hakuna aliyegeuka. Nikarudia kwa Kiingereza. Nikataja cheo changu. Nikataja digrii zangu, moja baada ya nyingine, na karani akapita mbele ya uso wangu akaenda kufunga dirisha. Hakimu alikuwa ameshika kalamu. Alikuwa anaandika.

 Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Sikutafuta. Nilitia tiki tu."

Karani akageuka. "Wee mama, nani amekuruhusu kuongea?"

Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo maishani.

Waliniapisha. Hakimu aliuliza nilitafuta mahali pangapi. Nikasema mahali pamoja. Kwa muda gani. Dakika moja. Akauliza hukumu ilikuwa wapi siku hiyo, na mimi mbele ya watu wote wale, mbele ya Wawira na mama yake, nikasema ilikuwa chini ya miguu yangu nikinywa chai. Wengine walicheka, kisha wakanyamaza wenyewe. Nilitamani nisionekane tena. Siku zote zile nilizopotea sikuwahi kutamani hivyo.

Amri ya kumfukuza mama ilisimamishwa, na majuma machache baadaye hukumu ilithibitishwa. Shamba ni lake mpaka leo. Nyumba haikuwa ya kuthibitishwa. Ilikuwa imeshaanguka.

Nje ya korti nilimfuata yule mama. Wawira aliniangalia kisha akatazama pembeni, na sikumlaumu.

"Mama Wawira, nisamehe," nikasema. "Niondolee hili jambo."

"Sisi hatukukulaani, mwalimu," alisema. Alisema bila hasira. "Hatukujui. Haya maneno yalisemwa kabla hujazaliwa. Atakayesema neno hili halipo bila kulitafuta, naye watu wamtafute wasimpate. Hapo alikufa beberu mzima. Nani atamfufua ayarudishe?"

"Lakini hapa mmeniona."

"Umesema ukweli hapa, ndiyo maana hapa unaonekana." Akafikiri. "Kwingine sijui. Jaribu."

Nilijaribu. Nilikwenda kwa mkutubi mkuu, nikasimama mbele ya meza yake nikasema yote, na nilipofika kwenye neno "sikutafuta" aliinua kichwa akaniuliza nilikuwa wapi wiki nzima. Alinipa barua ya onyo. Nimeitunza, ina jina langu. Kanisani nilisimama nikasema, wakaniona, wakanong'ona juu yangu mwezi mzima. Njuki nilimwambia kwenye korido, akashtuka akaniuliza kwa nini nimekonda. Kila mlango nilioingia na aibu yangu ulinifungukia. Katoni kumi na mbili nimezipanga zote, na sasa natafuta mahali panne, hata kama mwanafunzi anatafuta kitu cha kipuuzi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikwenda Mitunguu.

Mama alikuwa amekaa nje akimenya ndizi mbichi. Yuko timamu, mama yangu. Anajua kila kuku wake na yai lake, na siku hiyo alimkaripia jirani kwa deni la jembe aliloazima mwaka juzi. Aliponiona alisimama, akajipangusa mikono, akaniletea kiti cha wageni.

"Karibu, mama. Wewe ni wa kwa nani?"

Nilikaa. Nikamwambia yote tangu mwanzo: fomu, chai, miguu yangu, kicheko, banda la mbuzi. Nililisema lile neno. Nilimtazama usoni nikisubiri, kama nilivyosubiri kwa wengine.

Alisikiliza vizuri sana. Machozi yalimlenga. Alinishika mkono kama wa mgeni.

"Pole," alisema. "Ni vizuri umesema. Mtu akikosa aseme."

Nikamwomba anionyeshe Biblia yake, ile aliyotuandika tulipozaliwa. Hakuona vibaya, anapenda kuionyesha. Kwenye karatasi ya mbele, kwa mwandiko wake: moja, Mbaabu. Tatu, Kinyua. Nne, Nkirote. Namba mbili ilikuwepo, na nukta yake, na mbele yake karatasi tupu. Nilipitisha kidole. Hapakuwa na mkwaruzo wala doa. Mistari mingine ilikuwa imegeuka rangi kwa uzee, ila hapo palikuwa peupe kama karatasi ya jana.

"Hapa uliruka?" nikamuuliza.

"Ninajiuliza pia," alisema. "Nikitaka kuandika hapo kalamu inakataa. Hata mpya."

Alirudi kwenye ndizi zake. Alimenya moja, akaitia kwenye sufuria ya maji, kisha akainua macho, akaniangalia kwa huruma ileile ambayo tangu nizaliwe nimeijua, na ambayo siku hiyo ilikuwa ya mtoto wa mtu mwingine.

"Na mama yako," akaniuliza, "umeshamwambia?"

"Bado," nikasema.